Midomo ya Mama Saa

Katika Taasisi yetu kuna kanuni moja inayojulikana hata na mfagiaji: unapompima mtoto kusoma, funga mdomo wako. Mtoto akikwama kwenye neno, hesabu sekunde tatu, mwambie "endelea", lipige neno mstari, basi. Usitabasamu. Usitikise kichwa. Usimsaidie hata akikulilia. Kanuni hiyo imebandikwa ukutani ghorofa ya tatu ya chuo kikuu, jirani na mashine ya kunakilia iliyokufa siku nyingi, chini ya picha kubwa za watoto wanaocheka. Mimi ni karani wa takwimu. Nimeingiza alama za maelfu ya watoto kwenye kompyuta chini ya picha zile, na niseme ukweli wa Mungu, waliokuwa na sababu ya kucheka ni wachache.

Ninayetaka kumsimulia alikuwa mpimaji. Tulimwita Mama Saa, kwa sababu ya ile saa ya kubonyeza aliyoining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu na ambayo hakuivua hata wakati wa chai. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha chungu motoni. Ukimwuliza ni saa ngapi alikuwa anacheka. "Hii haijui saa, mwanangu. Inajua dakika moja tu."

Ujanani alitaka kuwa mwalimu. Chuo cha ualimu kilimkataa mara mbili kwa ajili ya hesabu, na mara ya tatu hakwenda, maana mama yao alikuwa amefariki na kumwachia mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Huyo alimlea kama mwanawe. Alimfundisha kusoma kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, anamkalisha mbele yake, anamchezea midomo silabi bila kutoa sauti mpaka mtoto aidake mwenyewe. Mdogo mtu akasoma, akapokewa katika chuo kilekile kilichomkataa dada yake, akawa mwalimu, baadaye mwalimu mkuu.

Dada mtu akaishia Taasisi, kwa mikataba ya miradi. Mradi ukiisha unarudi nyumbani kungoja simu. Miaka kumi na saba aliishi hivyo. Mvua yake, jua lake, na mbwa wa walinzi wa mashule walimjua kwa harufu. Maprofesa wamepanda vyeo kwa takwimu alizozileta kwa miguu yake, lakini fungua vitabu vyao utafute jina lake, hulioni. Utakuta "tunawashukuru wapimaji wetu", kwa jumla jumla, kama unavyowashukuru ng'ombe kwa maziwa. Nikilisema hili kwenye kikao naambiwa nina ulimi mkali.

Shule ya mdogo wake iko nyuma ya machimbo ya kokoto. Vumbi limeingia mpaka kwenye wino. Darasa la pili lilikuwa na watoto tisini na sita na mwalimu mmoja, na mwalimu mwenyewe ni yule mwalimu mkuu, aliyefundisha asubuhi na mchana akaingia ofisini kujaza ripoti za shule isiyo na walimu. Kitabu kimoja watoto saba. Aliyekaa upande wa juu wa kitabu alijifunza kusoma herufi zikiwa miguu juu.

Ndipo ukaja mradi mkubwa. Shule sitini zipimwe, thelathini zichaguliwe, na kila iliyochaguliwa ipate walimu wawili wa kusoma na vitabu vya kutosha, kila mtoto na chake, kwa miaka mitatu. Mama Saa aliposikia habari hiyo alinishika mkono pale kwenye ngazi. Hakuwa mtu wa kuomba, lakini jambo hilo alilitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Alitaka shule ya mdogo wake iwe miongoni mwa hizo thelathini.

Namna ya kuchagua ilikuwa siri. Shule ambazo watoto wake wangesoma kwa wastani chini ya maneno ishirini kwa dakika zingesaidiwa. Za ishirini na zaidi zingeachwa. Daktari aliyeongoza mradi, kijana mwenye suti mbili na maneno mengi, alikataza wapimaji wasiambiwe. Alisema wakijua watazishusha alama shule wanazozionea huruma. Tuliojua tulikuwa wanne, nami wa nne, na kila mmoja alitia saini.

"Mwanangu," Mama Saa aliniuliza siku moja tukinywa chai, "hizo shule watazichaguaje?"

"Sijui, mama."

"Basi watachukua zinazosoma vizuri. Dunia ndivyo ilivyo, mwenye nacho ndiye anayeongezewa."

Nilipeleka kikombe mdomoni ingawa chai ilikuwa imekwisha. Ningeweza kumwambia neno moja tu. Sikumwambia, na mpaka leo sijapata usingizi mzuri kwa ajili ya kikombe kile.

Kuna kanuni nyingine, kwamba mpimaji hapimi shule yenye ndugu yake. Mama Saa na mdogo wake walichangia mama, si baba, kwa hiyo majina yao ya ukoo hayafanani, na pale Taasisi ni mimi peke yangu niliyejua undugu wao kwa sababu nilikuwa naingia nyumbani kwake. Asubuhi ya zamu ya shule ile, mpimaji aliyepangwa aliamka anatapika. Daktari akachungulia dirishani akapaza sauti, "Mama Saa, nenda wewe!" Mama Saa alinitazama. Nami nilikuwa nakwenda kukagua fomu. Nikatazama pembeni, akapanda gari.

Mwalimu mkuu alitupokea getini. "Karibuni wageni," alimwambia dada yake aliyemlea, na dada yake akajibu, "Ahsante, mwalimu," wakapeana mikono kama watu waliokutana benki. Tulipewa stoo ya madawati mabovu iwe chumba cha kupimia. Nilikaa nyuma ya Mama Saa nikiwa na bahasha ya fomu, na watoto ishirini waliochaguliwa kwa kura wakawa wanaingia mmoja mmoja.

Karatasi ya kusoma ilikuwa na kihadithi cha maneno sitini, cha mbuzi aliyekula kofia ya mwalimu. Nilikipenda kwa sababu moja. Mtoto anayesoma kweli, akifika pale mbuzi anapomeza kofia, lazima acheke. Asiyejua kusoma hawezi kucheka, kwa sababu hakuona kilichotokea. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kicheko, lakini mimi na Mama Saa tulikuwa na hesabu yetu ya siri. Siku ile hakucheka hata mmoja.

Jambo lililonishangaza ni macho yao. Aliingia binti wa miaka minane, sweta lake limefungwa kifuani kwa pini. Aliinamia karatasi, akakwama, akainua macho kwa Mama Saa. Macho yakatulia pale. "Mbuzi," akasema. Akainama, akakwama, akainua tena. "Mwalimu." Nilidhani anamwogopa. Mgongo wa Mama Saa ulikuwa umenyooka, saa iko mkononi, na sikusikia sauti yoyote kutoka kwake isipokuwa "endelea".

Wiki mbili baadaye kompyuta ilitoa wastani. Shule ya nyuma ya machimbo, ishirini nukta saba. Ilikuwa imeupita mstari kwa chini ya neno moja.

Nilitafuta kosa langu la kuingiza, sikuliona. Nikatoa fomu zenyewe nikazitandaza mezani, na hapo ndipo nilipoona mambo. Maneno kama mbuzi, mwalimu, baba, fimbo, mpira na pale, watoto karibu wote waliyapata. Kofia, haraka, kengele na ghafla yaliwashinda karibu wote. Nikayatamka kimoyomoyo, nikaenda kuyatamka mbele ya kioo cha choo cha wafanyakazi. Yale ya kwanza yote yanaanzia midomoni. Mtu anaweza kuyaona hata bila kuyasikia. Yale ya pili yanaanzia ndani, na midomo haiwezi kuyaonyesha. Nikafungua fomu za shule zake nyingine kumi na moja. Hakuna kitu kama hicho. Huko kote alikuwa amefunga mdomo kama kanuni inavyosema, miaka kumi na saba bila doa.

Nilikwenda kwake jioni hiyohiyo. Alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Nilimwambia yote, mstari wa ishirini, wastani na midomo, nikamwona akiendelea kulikunja shuka lilelile, analikunjua na kulikunja.

"Sikusema neno," alisema. "Naapa, mwanangu, sikutoa sauti."

"Najua, mama. Fomu zinaonyesha."

"Yule binti mwenye pini alikaa kama alivyokuwa anakaa mdogo wangu. Vilevile, mikono chini ya mapaja. Midomo ikaenda yenyewe. Baadaye nikajua inakwenda, nikaiacha." Akaliweka shuka. "Nikasema, shule isiaibike. Wakiona alama nzuri watawapa. Kumbe wanaopewa ni walioshindwa?"

"Ndiyo."

"Na siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilitia saini, mama."

"Saini," alisema, kama mtu anayetema kokwa. Hakunikaribisha kukaa, na hajawahi kuniita mwanangu tena tangu siku ile.

Kesho yake alikwenda kwa Daktari mwenyewe, akanitaka niwe shahidi. Alieleza undugu, alieleza midomo, hakujitetea. Aliomba kitu kimoja tu, shule ile ipimwe upya na mtu mwingine. Daktari alimvutia kiti, akamwita "mama yangu", akamsifu kwa uaminifu wake, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikaona aibu mimi.

"Lakini takwimu zimeshafungwa, mama yangu. Zimekwenda kwa wafadhili. Nikiifungua shule hii lazima nieleze kwa nini. Nikieleza, watasema shule zako zote kumi na mbili hazifai. Wakisema hivyo, mradi unakufa, na zile thelathini nazo zinakosa. Unataka zikose?"

Linaloniuma zaidi ni kwamba hakudanganya. Ningependa sana awe mwongo, nimchukie kwa raha zangu. Ingekuwa hivyo kweli, barua moja ingeuangusha mradi wote, na watoto wa shule thelathini wangebaki na kitabu kimoja watu saba kwa sababu ya midomo ya mwanamke mmoja. Lakini pia angeweza kujaribu. Angeweza kupiga simu moja. Alitazama saa yake ya mkononi, kwisha habari.

"Isitoshe," aliendelea, "shule ya ndugu yako haijatupwa. Itakuwa shule ya kulinganishia." Maana yake, alituelezea kwa upole, ni kwamba kwa miaka mitatu haitapewa kitu, na mtu mwingine akitaka kuisaidia ataombwa asubiri, ili ionekane wazi watoto wasiosaidiwa wanafika wapi. Watoto walewale ishirini watapimwa kila mwaka. "Na mpimaji ni wewe yuleyule. Nikikubadilisha itabidi niandike sababu."

Mama Saa alisimama. Nilifikiri atamtupia ile saa. Alisema, "Nimeelewa, Daktari," akatoka.

Kwa mdogo wake alikwenda Jumamosi, nami nikamfuata ingawa hakuniomba. Mwalimu mkuu alikuwa ofisini anapasua karatasi za mtihani wa zamani ili watoto waandike upande wa nyuma. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, chaki ikiwa kati ya vidole.

"Ulinifundisha mimi hivyohivyo," alisema.

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Basi ungenyamaza, dada. Siku moja tu. Ungewaacha washindwe."

"Niliona haya kwa niaba yako. Nilisema wasije wakakucheka."

"Haya?" Sauti ilimpanda, na watoto waliokuwa wanafagia uwanja wakasimama. "Mimi nilikuwa na haya gani? Nina watoto tisini na sita! Mficha maradhi kilio humfichua, wewe ndiye uliyenifunza maneno hayo. Nimekaa hapa miaka tisa nikiomba mtu aje aone tulivyo hoi. Amekuja, na dada yangu akasimama mlangoni akamwambia sisi wazima."

Mama Saa alitaka kumshika mkono. Mdogo wake aliuondoa, si kwa ukali, akaokota karatasi zake. "Nina darasa la marudio," alisema. "Kwaheri, mama mpimaji." Tangu hapo hilo ndilo jina alilomwita. Kwenye misiba, kwenye harusi ya binti mdogo wa mwalimu mkuu, mbele za watu, mama mpimaji. Wifi yake alijaribu kuwapatanisha mara mbili akachoka.

Ungetarajia mtu kama huyo aache kazi. Hakuacha. Nilimwuliza mara moja, akanijibu kwa heshima baridi aliyonipa siku hizo kwamba akiacha, atakwenda mwingine asiyewajua wale watoto kwa sura. Basi mwaka wa kwanza alikwenda, mwaka wa pili alikwenda. Nilikuwa naona fomu. Hakukuwa na midomo tena. Maneno ya midomoni na maneno ya kooni yote yaliwashinda sawasawa, na wastani ukaanguka mpaka tisa.

Ripoti ilipotoka, Taasisi ilikodi ukumbi wenye viyoyozi. Daktari, ambaye sasa ni Profesa, alionyesha mchoro wenye mistari miwili. Wa shule zilizosaidiwa ulikuwa unapanda. Wa shule za kulinganishia ulikuwa umelala chini. Watu walipiga makofi kwa ajili ya ile nafasi kati ya mistari miwili, na kadiri ilivyokuwa pana ndivyo makofi yalivyozidi. Nilikaa nyuma nikijua mstari wa chini umelazwa na kina nani. Mimi nami nilipiga makofi, maana bosi wangu alikuwa ananitazama.

Lakini mimi nikiufikiria ule mradi, ukumbi hauji kichwani. Inakuja siku ya kipimo cha mwisho, mwezi mmoja kabla. Stoo ni ileile, madawati yameongezeka. Mwalimu mkuu alituma mtoto atufungulie mlango, mwenyewe hakutoka. Mama Saa alikuwa amezeeka kwa miaka ile mitatu kuliko kumi na saba iliyotangulia. Alikaa, akaiweka saa mkononi, akaingiza midomo yake yote miwili ndani na kuibana kwa meno. Safari hii nilikaa kwa ubavuni, nikamwona.

Yule binti, ambaye kwenye vipimo viwili vya katikati hakuwepo kwa sababu ya homa, aliingia wa kumi na mbili. Sasa ana miaka kumi na mmoja, mrefu, pini haipo na sweta halipo. Alipomwona Mama Saa uso ulimchangamka. Alikuwa anamkumbuka. Akaketi, mikono chini ya mapaja, na karatasi ya mbuzi na kofia ikawekwa mbele yake.

Hakuitazama hata mara moja. Aliinua macho moja kwa moja kwenye mdomo wa Mama Saa, akangoja kwa utulivu, kama mteja aliyezoea duka. Saa ikabonyezwa. Sekunde moja, mbili, tatu.

"Endelea," alisema Mama Saa, akapiga mstari.

Binti alisogeza kiti mbele kidogo, akidhani labda haoni vizuri. Sekunde tatu nyingine.

"Endelea."

"Mwalimu," yule binti aliuliza taratibu, bila lawama, "mbona leo husemi?"

Kanuni inasema mpimaji hajibu maswali. Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Saa na kuingia kwenye kamba ya saa, lakini midomo haikucheza. Alihesabu tatu, akapiga mstari. Maneno kumi ya mwanzo yakipita bila hata moja kusomwa, kanuni inaagiza kipimo kisimamishwe, naye akasimamisha. Alimwambia mtoto, "Ahsante, umejitahidi," kama ilivyoandikwa kwenye fomu, akanipa ile fomu bila kunitazama. Nikaandika sifuri.